Mitungi Ilipohama

Mwanangu, waliosema sitaweza bado nawasikia. Walisema mtoto aliyelelewa mtaa huu wa Jericho kwa chai ya rangi hatapanda ndege, nikapanda. Walisema nitafagia sakafu za hoteli za Ghuba mpaka mgongo upinde, kisha nirudi na begi la kuvuta tu. Kufagia nilifagia, sikatai, lakini kila jioni nilikaa darasani, na nilirudi na diploma ya mitandao ya kompyuta yenye muhuri unaong'aa. Ipo ukutani, njoo uione. Walisema nikirudi nitahamia Buruburu, kwa wenye nazo, na kuwasahau. Nikarudi nyumba ile ile ya mama yangu, nikabadilisha mlango na mabati, nikafungua kazi ya kuunganisha mitandao inayolisha familia kadhaa hadi leo. Najisifu? Najisifu. Asiyelisifu jasho lake husubiri kusifiwa siku ya matanga, na siku hiyo hasikii.

Lakini kuna jambo moja walilosema ambalo nusura liwe kweli. Walisema sitaweza kuwafanya watu wa mstari wetu wa nyumba wakubaliane mahali pa kuweka tangi moja la maji.

Nyinyi mliozaliwa juzi mnafungua mfereji na maji yanatoka, mnadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Mwaka niliorudi, mifereji ya mstari wetu ilikuwa ikikohoa tu. Mama zetu walibeba mitungi kutoka upande wa Makongeni, na mtungi wa maji safi ulifunikwa na kulindwa nyumbani kuliko televisheni. Ndipo nikanunua tangi, kubwa, jeusi, kwa jasho langu mwenyewe. Likashushwa kando ya barabara, likalazwa ubavu, na watoto wakawa wanaingia ndani kuimba ili wasikie sauti zao zikiwarudia.

Wakati huo watu wa maji walikuwa wakichimba mtaro kandokando ya barabara ili walaze bomba jipya. Msimamizi wao, mtu wa maneno machache, aliniambia nimletee neno moja. Nimwonyeshe mahali pamoja ambapo wenyeji wameafikiana, naye atatutolea tawi la bomba hadi hapo. Penye ugomvi haunganishi, kwa sababu aliwahi kufanya hivyo mtaa mwingine na bomba likang'olewa. Na mtaro ukishafukiwa, hatarudi kuufukua.

Sasa wewe unanijua. Hata leo na mvi zangu siwezi kuketi mpaka chai ipoe. Kila asubuhi nilikwenda kuutazama mtaro. Vijana wa majembe walikuwa wameanza kufukia upande wa mbali, na kila siku ule udongo uliofukiwa ulisogea kwetu. Nikila, nasikia koleo. Nikisali, nasikia koleo. Nilikuwa kama mtu anayetazama mlango ukifungwa polepole huku ndugu zake wakibishana nani aingie kwanza.

Nikaamua kutumia elimu. Nilifungua kikundi cha mstari wetu kwenye simu. Nikapima mwinuko wa ardhi, nikaona panapofaa ni upande wa juu, nyuma ya karakana ya Mzee Githinji, fundi seremala aliyetengeneza vitanda vya nusu ya mtaa ule. Nikaandika ujumbe mrefu wenye hoja safi, nikamalizia kwamba anayepinga aseme kabla ya kesho jioni. Hakuna aliyesema. Wengine walituma kidole gumba, mmoja akaandika "Amina", mwingine akatuma picha ya maua. Jioni ilipofika nikaandika kwa herufi kubwa: TUMEKUBALIANA.

Kesho yake nilileta vijana wakachimba shimo la msingi. Watu walipita wakinisalimu vizuri, wakisema Mungu akubariki, Diploma. Ndilo jina walilonipa, na sikulikataa. Asubuhi iliyofuata nikakuta shimo limefukiwa. Halikuporomoka, mwanangu. Lilifukiwa, likashindiliwa, na juu yake pakafagiliwa kwa ufagio. Aliyefanya kazi ile alikuwa mtu wa adabu.

Nilipita mlango kwa mlango nikiuliza ni nani. Kila niliyemuuliza aliniambia pole, tena kwa uchungu wa kweli. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo ule ulinikuta nimesimama na rula mkononi. Kijana mmoja pale kwenye kioski, bila hata kuinua macho kutoka kwa simu yake, akanitupia: "Niaje Diploma, hayo maji yatakam na waifai ama?" Wenzake, wakiyawazia maji yanayokuja na mtandao, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami, nisikufiche, nilitaka kuliviringisha tangi langu hadi sokoni nikaliuze.

Ndipo aliponiita Mama Nekesa. Alikuwa mjane, miongoni mwa wenyeji wa kwanza wa mstari ule, watu waliotoka upande wa Bungoma wakati kuta hazijakauka rangi. Ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa letu. Nyumba yake ilitazama ukumbi wa mtaa, na siku ile mbele ya ukumbi palikuwa na zogo. Kundi la nyuki lilikuwa limetua kwenye tawi la jakaranda, limeshikamana, linaning'inia kama fuko la unga lenye uhai. Mwanamume mmoja alishakuja na kitambaa na mafuta ya taa. Mama Nekesa alikuwa amemzuia.

"Hao ni wasafiri," alikuwa akimwambia. "Hawajapata nyumba. Msafiri hachomwi."

Mtu yule akaondoka akinung'unika. Mama Nekesa akanivutia stuli pale mlangoni pake, mbali kidogo na nyuki, akanipa chai. Nilikuwa nimekaa kwenye ncha ya stuli, mguu mmoja ukitikisika. Akautazama ule mguu, kisha akaniuliza nilikuwa nimewauliza nini kwenye simu. Nikamjibu kwamba niliuliza nani anapinga.

"Na nani atapinga hapa, kijana? Ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Nikikohoa ananiambia pole. Leo nimkatae mbele ya watu, kesho nimwombe chumvi kwa uso gani? Hapa kwetu hapana haisemwi. Hapana hufanywa."

Nilijitetea. Nilimwambia mimi ndiyo kazi yangu hiyo, kukubaliana. Nikamweleza jinsi kompyuta kadhaa zinavyotunza jambo moja, na jinsi zinavyolazimika kuafikiana ni lipi lililo kweli, maana yoyote yaweza kuzimika wakati wowote. Moja hupendekeza, nyingine huulizwa moja moja, na kila inayokubali hujibu kwamba imepokea na imehifadhi. Majibu yakizidi nusu, jambo limepita. Niliyasema hayo kwa kiburi, na nilikuwa na haki ya kiburi, kwa sababu niliyajifunza na sabuni ya hoteli ingali kwenye vidole.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Na moja ikinyamaza?"

"Haihesabiwi, Mama. Huenda imezimika, huenda waya umekatika, huenda swali halikuifikia. Kimya si jibu."

Akamwaga machicha ya chai yake chini. "Basi mitambo uliipa heshima uliyotunyima sisi."

Mwanangu, nimetukanwa na matajiri wa Ghuba kwa lugha ambazo sikuzijua, na hakuna tusi lililowahi kuniingia kama neno lile lililosemwa bila tusi. Niligeuza uso nikawatazama nyuki.

Na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, niliwatazama kwa muda mrefu, labda mara ya kwanza maishani kutazama kitu bila kutaka kukirekebisha. Wengi wao walikuwa wametulia, lakini wachache walikuwa wakitoka na kurudi. Aliyerudi alitembea juu ya migongo ya wenzake akijitikisa, akirudia mwendo ule ule, ameelekea upande mmoja. Mwingine akirudi anajitikisa akielekea upande mwingine. Baadaye nilisoma na kuhakikisha: wale ni wapelelezi, kila mmoja ameona tundu mahali, na ile ngoma ni taarifa ya nyumba aliyoiona. Anayeisikia haamini tu. Huruka akajionee, na akipaona pazuri hurudi akacheza naye. Ngoma ya tundu baya huchoka haraka, ya tundu zuri huendelea. Wakati mwingine hugongana vichwa kidogo kunyamazishana, kama watu wa Jericho. Malkia yupo katikati na haulizwi. Wanaojionea mahali pamoja wakishatosha, kundi zima hupasha mbawa moto na kuondoka kama mtu mmoja.

"Wanachelewa," nilimwambia Mama Nekesa.

"Wewe unawahi wapi?" akanijibu.

Nikamwambia nawahi mtaro. Akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu na yeye alikuwa mbeba mitungi, na magoti yake yalijua mtaro ule una maana gani kuliko nilivyojua mimi. Akanituma. Alisema nirudi kwenye milango ile ile, lakini nisiulize nani alifukia shimo wala nani anapinga. Niulize kila mtu anaogopa nini.

Nilianza na Mzee Githinji, maana mtaa mzima ulidhani ndiye atakayefaidika. Nilimkuta akipiga randa. Nilipouliza, alisimamisha mkono, akapuliza vumbi la mbao.

"Kijana, maji yakimwagika hapa nyuma, mbao zangu zitaoza," alisema. "Na foleni ya mitungi ipite kwenye msumeno wangu na watoto mgongoni? Mimi sikulitaka tangi hilo hapa."

Nikamuuliza mbona alituma kidole gumba. Akanitazama kama anayemhurumia mgonjwa. "Umetoka ng'ambo, umenunua tangi kwa pesa zako, unanitolea zawadi mbele ya watu. Nikukatalie?"

Fikiria hilo, mwanangu. Watu walinyamaza wakidhani Githinji analitaka. Githinji alinyamaza akidhani mimi na watu tunalitaka. Wengine waliogopa kwamba atakayekuwa jirani ya tangi ndiye atakayeshika ufunguo wa kufuli. Wanawake hawakuupenda ule uchochoro wa karakana. Sote tulikuwa tumekubaliana jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitaka! Mimi nililitaka, ndiyo, lakini mimi nilikuwa nimepima ardhi tu.

Nilirudi kwa Mama Nekesa karibu nikikimbia. Wazo la mitungi lilikuwa langu, asikudanganye mtu. Nilisema kila nyumba itoe mtungi mmoja, iuweke mahali inapotaka tangi likae, na kila mtu ana ruhusa ya kuuhamisha mtungi wake saa yoyote, ila asiguse wa mwenzake. Hakuna kusema hapana usoni mwa mtu. Mtungi ndio utakaosema. Alilipenda, lakini akaongeza lake, na hilo lake ndilo lililobeba langu.

"Mtungi mtupu ni kidole gumba cha simu," alisema. "Waombe wakukopeshe maji. Uwe umejaa. Zege la msingi si linataka maji?"

Zege lilitaka maji mengi, na maji ndiyo tuliyokuwa hatuna. Mtu hakopeshi mtungi wa maji yaliyobebwa na shingo ya mkewe kwa jambo asiloliamini. Nilipita tena milangoni, safari hii nimeinama kweli, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikawaahidi kwamba nitamrudishia kila mmoja maji yake, mlangoni pake, kwa bega langu.

Asubuhi ile ya mitungi nilianzia barabarani. Mtaro ulikuwa umefukiwa mpaka karibu na mstari wetu. Nilikuwa nikiwaona vijana wa majembe wakiwa wamevua mashati. Mitungi ilitoka mmoja mmoja. Michache ilikwenda nyuma ya karakana, kwa heshima yangu. Mingi ilikwenda kando ya ukumbi. Mingine, ya wenye kujipendekeza, ikawekwa mbele ya mlango wa mama yangu, naye akawafukuza nayo. Niliona imetawanyika bila mpango. Nilitaka kuingia katikati niwapangie. Nilianza kutembea. Mama Nekesa, bila kuinuka, akaudaka mkono wa shati langu.

"Umekuwa malkia?" aliniuliza. "Keti."

Nikaketi, nikainuka, nikaketi. Kisha Mzee Githinji akatoka karakanani, vumbi la mbao kwenye nyusi, akabeba mtungi wake mzito akapita nao mbele ya watu wote. Hakuuweka nyuma ya karakana yake. Aliuweka chini ya ukuta karibu na jiwe la zamani ambapo mama zetu walikuwa wakifulia, mahali ambapo hakuna aliyepataja, akarudi kazini bila neno.

Mwanamke mmoja akaenda kutazama. Akatazama juu, akatazama mfereji wa maji machafu uliokuwa tayari pale, akatazama milango mingapi inapaona. Akarudi akauchukua mtungi wake. Mwingine akamfuata, akapima kwa hatua, akamwita jirani yake. Walikuwa wakienda wawili wawili, wakijionea, wakibishana kwa sauti ya chini. Pale kila mtu alipaona kutoka mlangoni, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuogopa ufunguo wa mtu. Kufikia wakati jua linapochoma utosi, mitungi ilikuwa ikitembea. Ya ukumbini ilipungua, ya karakanani ikapungua, na chini ya ukuta ule ikawa inapangana kama watu walio kanisani.

Mwishowe nyuma ya karakana ulibaki mtungi mmoja. Ulikuwa wangu. Yule kijana wa kioski akauona. "Diploma, mtungi wako umeachwa na gari," alisema, na safari hii hata mimi nilicheka. Nilikwenda kwanza kwenye jiwe la kufulia, nikapima mwinuko kwa kifaa changu. Pangehitaji msingi mrefu zaidi na zege zaidi, lakini maji yangeshuka. Ndipo nikauhamisha. Sikuuhamisha kwa kuona aibu; niliuhamisha kwa sababu nilikwenda nikaona.

Msimamizi wa mtaro alipofika aliuliza kama tumekubaliana. Mama Nekesa alimwonyesha kwa kidevu ule mstari wa mitungi iliyojaa. Mtu yule aliitazama, kisha akawaambia vijana wake waache kufukia.

Tulipogeuka, jakaranda lilikuwa tupu. Hatujui nyuki waliondoka saa ngapi.

Sasa nisikilize, maana najua una haraka, na haraka yako umeirithi kwangu. Utaongoza watu siku moja, hata kama ni kamati ya harusi. Usihesabu kimya kuwa ndiyo. Usimuulize mtu mbele ya watu swali ambalo jibu lake la kweli litamvunjia ujirani. Mpe njia ya kukataa bila kukutukana, na mpe nafasi ya kubadili nia bila kuchekwa, kwa maana mtu anayeogopa kuchekwa hung'ang'ania kosa mpaka limzike. Ukitaka kujua kama amekubali, usitazame mkono aliouinua, tazama alichokitoa.

Tena usidanganyike kwamba wengi wakikubaliana basi wamepatia. Penye wengi hapaharibiki neno, wazee walisema, lakini walimaanisha wengi wenye macho. Kwaya ya Mama Nekesa ilikuwa ikiimba bila kinanda, sauti zikishuka pamoja kidogo kidogo, kila mwimbaji akimfuata jirani yake, wote wakijiona sawa. Siku kinanda kilipogongwa mwisho wa wimbo ndipo walipojua wamefika bondeni. Kwa hiyo kila mmoja aende akajionee mwenyewe kabla ya kucheza ngoma ya mwenzake. Kompyuta zangu ziko hivyo, nyuki wako hivyo, na Jericho, pamoja na ugomvi wake wote, iko hivyo. Na wewe uliyesoma, usiionee haya elimu yako. Itumie, lakini wape watu walau heshima unayoipa mitambo.

Walisema pia kwamba sitalipa. Walisema Diploma amekunywa maji ya mtaa akaenda zake. Zege la msingi liliyanywa maji yale yote, kisha bomba likachelewa, na nilipita mbele ya milango ile miezi mingi kama mdaiwa. Siku maji yalipopanda ndani ya tangi lile, nilivua shati nikaanza kubeba. Mlango kwa mlango, mtungi mmoja mmoja, kwa bega hili. Mama Nekesa aliuonja wake, akasema nimemrudishia maji mazuri kuliko aliyonipa, na kwamba hiyo ndiyo riba anayoikubali. Mzee Githinji alisema nimechelewa sana, alishanisamehe.

Nilipomaliza ulibaki mtungi mmoja usio na mwenyewe. Nilikuwa nimeuona tangu asubuhi ile, umejaa, umepangwa pamoja na mingine, na hakuna aliyesema ni wake. Niliuliza mara moja tu, sikuuliza tena. Niliujaza, nikauacha chini ya ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke ng'ambo nikalala bila kusikia koleo.

Asubuhi mtungi haukuwepo. Na pale ulipokuwa, palikuwa pamefagiliwa vizuri kwa ufagio, kama juu ya shimo lile.

Mwanangu, Mungu akujalie majirani wa namna hiyo, akupe subira ambayo mimi ilinibidi niifunzwe, na kila utakayemwomba maji maishani mwako upate siku ya kumlipa.